Mtoto wetu wa pili hana "mguu wa ukoo". Tupime DNA?

Swali: Shikamoo daktari. Ninaishi Kayole na mume wangu na watoto wetu wawili. Mume wangu kwao ni Busia, mimi kwetu ni Kilifi. Yeye, marehemu baba yake na shangazi yake mmoja wana vidole viwili vya mguu vilivyoshikana kwa ngozi, cha pili na cha tatu ukihesabu kutoka kidole gumba. Kwao wanauita mguu wa ukoo. Kifungua mimba wetu anao. Wa pili ana miezi mitano, na siku nilipomvua soksi mbele ya mama mkwe, alivitazama vidole vyake, akanyamaza. Tangu hapo maneno hayaishi. Mume wangu anasema ananiamini, ila binamu yake aliye Marekani amemletea kile kichupa cha kutemea mate cha kupima DNA, naye ana hamu ya kujua jeni ya vidole hivi ilitoka wapi. Hata mimi nina hamu hiyo. Je, kipimo kitaonyesha? Mtoto anaweza kukosa mguu huo na bado akawa wao? Na huyu mkubwa, tumpeleke avitenganishwe vidole kabla hajaanza shule?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Nianze na lile linalokunyima usingizi, mengine yatafuata. Ndiyo, mtoto anaweza kukosa vidole hivyo na bado akawa damu ya baba yake. Tena si jambo la nadra. Kwa karibu nusu ya watoto, ndilo tunalolitazamia.

Sasa nikueleze sababu, ili siku mazungumzo yakifunguka nyumbani pawe na la kusema lisilo la ugomvi.

Karibu kila jeni mwilini tunayo mara mbili, nakala moja ya baba na nyingine ya mama. Mguu wa ukoo kama huo wenu kwa kawaida hurithiwa kwa njia tunayoiita ya kutawala: nakala moja iliyobadilika inatosha kuvishikanisha vidole, hata kama ile ya pili ni nzima. Mume wako aliipata hiyo moja kwa marehemu baba yake, na nakala nzima akaipata kwa mama yake. Anapozaa hampi mtoto zote mbili. Anampa moja tu, na hakuna anayechagua ni ipi. Ni sawa na shilingi inayorushwa juu. Kwa kifungua mimba iliangukia upande wa vidole vilivyoshikana, kwa mdogo wake ikaangukia upande mwingine. Na shilingi haikumbuki ilivyoanguka mara ya kwanza. Watu wengi hufikiri kwamba mtoto mmoja akishatoka na alama, wa pili lazima atoke nayo, au kwamba "zamu" yake imepita. Hakuna zamu. Kila mimba ni mrusho mpya.

Halafu soma tena barua yako mwenyewe. Umeandika "shangazi yake mmoja". Basi wapo mashangazi wengine, na bila shaka wapo baba wadogo na baba wakubwa, waliozaliwa tumbo moja na marehemu mzee na miguu yao ni ya kawaida. Je, kuna aliyewahi kusimama katika boma lile akasema hao si watoto wa baba yao? Hakuna, kwa sababu walizaliwa kabla alama hii haijageuzwa kuwa hati ya ukoo. Hoja hiyo moja ina nguvu kuliko maabara yoyote ninayoijua, na haigharimu kitu. Ila usiibebe wewe. Kwa desturi zetu mkwe akimjibu mama mkwe juu ya jambo kama hili, hata maneno ya kweli hugeuka utovu wa adabu. Mwache mume wako amweleze mama yake. Ni mguu wake, ni baba yake, na ni mtoto wake.

Kuna jambo jingine linalofanya alama hii idanganye macho. Mtu anaweza kuwa na nakala iliyobadilika na vidole vyake visionyeshe lolote, au vionyeshe kidogo mno. Katika nyumba moja, baba anaweza kuwa na utando unaofika karibu na kucha, binti yake utando wa nusu kidole kwenye mguu mmoja tu, na kaka wa binti huyo asiwe na kitu, kisha kaka huyo huyo akazaa mtoto mwenye utando kamili. Watu husema umeruka kizazi. Haukuruka. Ulipita kimya.

Kwa hiyo kabla hujasema mdogo hana, mtazame vizuri. Msubiri alale, umlaze karibu na dirisha mchana, utanue kwa upole kidole cha pili na cha tatu, kisha ulinganishe na nafasi kati ya cha tatu na cha nne. Kwa watu wengi nafasi ya cha pili na cha tatu huwa imejaa ngozi kidogo zaidi kuliko nyingine hata bila urithi wowote, kwa hiyo usikimbilie kuamua. Lakini nimewahi kuona wazazi wakiapa kwamba mtoto "hana kabisa", na utando mdogo upo palepale chini ya vidole vyao. Sikwambii ukautafute ili ukamwonyeshe mtu. Nakwambia kwa sababu umesema una hamu ya kujua, na hamu hiyo ni nzuri.

Mimi mwenyewe hamu hiyo ndiyo iliyonifikisha katika kazi hii, basi nivumilie nikae kidogo kwenye jambo ninalolipenda. Watu hudhani vidole hivi viligundishwa, kana kwamba vilikuwa mbalimbali vikaja kushikana tumboni. Ni kinyume chake. Sote tulianza tukiwa navyo vimeshikana. Karibu wiki ya 6 tangu mimba kutungwa, mguu wa mtoto ni bapa kama mwiko wa ugali. Ndani ya ule mwiko huanza kujitokeza mistari mitano, mifupa ya baadaye, na kati ya mstari na mstari pamejaa seli. Kisha seli za katikati hupokea ujumbe wa kufa, na hufa kwa mpangilio, hatua kwa hatua, mpaka kufikia mwisho wa wiki ya 8 vidole vimeachana. Hakuna jeraha wala ugonjwa. Mwili unachonga kwa kuondoa, kama fundi wa vinyago wa Wamunyu anavyolitoa umbo ndani ya kipande cha gogo. Wanasayansi watatu, Sydney Brenner, Robert Horvitz na John Sulston, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002 kwa kazi yao juu ya jeni zinazoongoza viungo kujengwa na seli kufa kwa mpangilio, kazi waliyoifanya kwa kumchunguza mnyoo mdogo wa milimita moja.

Katika mguu wa ukoo wenu, ile kazi ya kuchonga kati ya kidole cha pili na cha tatu iliishia njiani. Basi. Mifupa ipo, kucha zipo, mishipa ipo. Ni ngozi tu iliyobaki ambayo kwa wengine iliondoka.

Na kama watoto wa ploti watakuja kumwita mwanao miguu ya bata, mfundishe ukweli wake, kwa sababu bata anahusika kweli. Kwa kuku, seli za kati ya vidole hufa kama zinavyokufa kwetu. Kwa bata kuna protini iitwayo Gremlin inayouzuia ule ujumbe wa kufa, ndiyo maana utando wake unabaki na anaogelea. Popo naye huubakiza utando wa mkononi, ukawa bawa. Mtoto wa miaka sita akilijua hilo, hageuki mnyonge wa darasa. Anageuka mwalimu wao.

Madaktari huiita hali hii sindaktilia. Ukijumlisha aina zote, za mikono na za miguu, huonekana kwa takriban mtoto 1 katika kila 2,000 hadi 3,000 wanaozaliwa, na zaidi kwa wavulana. Hapa kwetu kidole cha sita ndicho watu wanachokifahamu zaidi, ndiyo maana vidole vilivyoshikana vikitokea vinapewa hadithi. Hata polisi wamewahi kuvitumia: faili la polisi wa Urusi ya wafalme lilimtambulisha kijana aliyekuja kuitwa Stalin kwa vidole viwili vya mguu wa kushoto vilivyoshikana, cha pili na cha tatu, hivihivi vyenu. Ni alama nzuri ya kumtambua mtu. Ila kumtambua mtu ni jambo moja, na kumtambua baba wa mtu ni jambo jingine.

Sasa kichupa cha mate.

Hukusema ni cha kampuni gani, lakini nyingi hufanya kazi kwa njia moja. Hawasomi DNA yako yote. DNA ya mtu ni kama herufi bilioni 3, na vipimo hivi hugusa vituo laki sita au saba vilivyochaguliwa mapema. Chukua barabara ya Mombasa, ambayo ni kama kilomita 480. Mtu anayesoma kwa kipimo hiki hukanyaga mita moja pale Mlolongo, anaruka karibu kilomita tano, anakanyaga mita nyingine, na hivyo hivyo hadi baharini. Akifika amekanyaga kama mita 100 kwa jumla. Anaweza kukuambia mengi kuhusu mandhari. Hawezi kukuambia ni kalvati lipi lina ufa.

Na ufa wenu uko wapi? Watafiti waliofuatilia familia yenye utando wa kidole cha pili na cha tatu walifika kwenye kromosomu ya 3 (kromosomu ni nyuzi zinazobeba jeni zetu), sehemu ya mkono wake mfupi. Familia nyingine, ambazo vidole vya mikono pia vimeshikana, zikaelekeza kwenye kromosomu ya 2. Aina inayokuja na kidole cha ziada katikati ya vilivyoshikana husababishwa na jeni iitwayo HOXD13, nayo iko kromosomu ya 2. Ukiona familia zenye miguu inayofanana zinaelekeza mahali tofauti, utaelewa kwa nini hakuna kichupa cha dukani kitakachorudisha karatasi iliyoandikwa "jeni ya mguu wa ukoo, imetoka Busia". Kwa swali lenu hasa, mate hayo yatakuwa yamesafiri bure.

Kuhusu asili pia, kuwa na matarajio ya kadiri. Hifadhi za DNA zilizotumika kujenga vipimo hivi zimejaa watu wenye asili ya Ulaya, sisi Waafrika tumo kidogo sana. Mwaka 2020 watafiti wa H3Africa, mradi wa kuchunguza jeni za Waafrika, walichapisha DNA ya watu 426 tu kutoka makundi 50 ya lugha barani Afrika, wakakuta ndani yake tofauti zaidi ya milioni 3 ambazo hazikuwa zimeandikwa popote. Watu 426! Hao hawaujazi hata ukumbi wa kanisa moja la Kayole. Hapo ndipo panaponiuma: bara lenye urithi wa kale kuliko yote ndilo lililosomwa kidogo kuliko yote, kisha tunauziwa majibu yaliyopimwa kwa kipimo cha wengine.

Lakini lipo jambo ambalo kichupa kinaliweza vizuri, na hili mlizungumze wewe na mume wako mkiwa mmeketi, simu zimewekwa kando. Kinaweza kuonyesha nani ni ndugu wa nani. Swali la vidole hakitalijibu, ila kinaweza kujibu maswali ambayo hamkuyauliza. Binamu aliye Marekani ametuma mate yake, mume wako anatuma yake, na baada ya wiki chache karatasi inasema ni binamu wa nusu, au kuna kaka asiyejulikana huko Kisumu, au marehemu babu hakuwa baba wa mmoja wa wanawe. Nimeketi na familia zilizopata habari ya namna hiyo kwenye skrini ya simu, usiku, bila mtu wa kuzungumza naye. Wengine walishukuru. Wengine hawakuweza kuirudisha ile siku kabla ya kufungua barua pepe. Mama mkwe wako anayetafuta ukweli kwenye vidole vya mjukuu anaweza kujikuta analetewa ukweli wa kizazi chake mwenyewe.

Tena DNA si namba ya siri unayoweza kuibadilisha. Mwaka 2023 kampuni ya 23andMe, mojawapo ya kubwa katika biashara hii, ilidukuliwa na taarifa za watu takriban milioni 6.9 zikafikiwa. Machi 2025 ikaomba kinga ya kufilisika mahakamani, na mwaka huohuo mali zake zikauzwa, hazina ya DNA ya wateja ikiwemo. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaihesabu data ya jeni kuwa data nyeti, na kwa mtoto inataka ridhaa ya mzazi na kwamba jambo lenyewe liwe kwa manufaa ya mtoto. Jiulizeni hapo: mtoto wa miezi mitano ananufaika nini mate yake yakikaa kwenye ghala ng'ambo? Mume wako ni mtu mzima, mate ni yake, akitaka kutema ateme. Watoto msiwatemeshe.

Na kama kinachotafutwa ni ubaba, basi kiitwe kwa jina lake. Kipimo cha ubaba ni kitu kingine kabisa. Hakitafuti jeni ya vidole. Hulinganisha vituo kama ishirini hivi vya DNA ya mtoto na ya baba, na jibu lake huwa wazi sana upande mmoja au mwingine. Hufanywa na maabara inayotambulika, watu wazima wote wakiwa wamekubali, na mahakama ikiagiza, maabara ya Mkemia wa Serikali hapa Nairobi huwa inashughulikia. Sikushauri ukifanye kwa sababu ya vidole, maana vidole havijatoa ushahidi wowote wa kuanzia. Lakini pakiwa na shaka ya kweli ndani ya ndoa, ni heri isemwe mezani kuliko kujificha nyuma ya zawadi ya binamu.

Hamu yenu ya kujua mguu ulitoka wapi naiheshimu, na nina njia bora ya kuishibisha. Mwisho wa mwaka mkienda Busia, bebeni daftari. Chora mraba kwa kila mwanamume na duara kwa kila mwanamke, unganisha wazazi kwa mstari, watoto chini yao, na kila mwenye vidole vilivyoshikana mpake wino. Wageni wakivua viatu mlangoni kazi imekwisha nusu. Waulize wazee juu ya waliotangulia. Wanaosahau majina huwa hawasahau miguu, kwa sababu walikuwa wakienda shambani pamoja bila viatu. Nilipata familia moja iliyoamini kwa miaka mingi kwamba alama kama hii ni ya upande wa baba, hadi siku bibi wa upande wa mama alipovua raba zake kliniki kwangu na sote tukanyamaza. Ilikuwa pande zote mbili. Daftari hilo ndilo sisi wenyewe huanza nalo kabla ya kuagiza kipimo chochote cha jeni, na mara nyingi hatuendi mbali zaidi. Na kuna faida ambayo sikuwa nimeipangia: bibi akishapaka wino mwenyewe, na kuona watoto wake wangapi wamebaki weupe, hahitaji mtu kumweleza kuhusu mjukuu.

Lakini dada, barua yako ina neno moja lililonishtua kuliko vidole. Umesema Busia na Kilifi.

Mwaka 1949 kijana aitwaye Anthony Allison, aliyekulia hapa Kenya, alizunguka nchi akichukua damu za watu. Akakuta kwamba pwani na kandokando ya Ziwa Victoria zaidi ya asilimia 20 ya watu walibeba jeni ya selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, na nyanda za juu zilizo kati yake, chini ya asilimia 1. Mwaka 1954 akachapisha sababu: mtu mwenye nakala moja ya jeni hiyo anakingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali, na malaria ilikuwa pwani na ziwani. Ni mojawapo ya ugunduzi mkubwa wa elimu ya urithi duniani, na ulifanyika kwa damu ya babu zenu wawili, wa kwako na wa mume wako. Mtoto wa ziwa ameoa mtoto wa pwani. Hapa ndipo mimi ningepeleka hela ya kipimo, kwa sababu jeni hii haionekani mguuni. Mwenye nakala moja anaishi maisha yake yote akiwa mzima, asijue.

Na hii hairithiwi kama mguu wa ukoo. Hapa nakala moja haitoshi, lazima mbili. Kama mmoja wenu tu anaibeba, kwa kawaida hakuna mtoto wenu atakayeugua. Kama nyote wawili mnaibeba, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mtoto mwenye ugonjwa. Nenda na mume wako mkapimwe aina ya hemoglobini, kipimo kinachoitwa elektroforesisi, ni damu kidogo tu, na hospitali kubwa za Nairobi zinakifanya. Nyote mkiwa safi, mambo yameisha. Nyote mkiwa wabebaji, watoto wote wawili wapimwe mara moja. Mtoto mwenye selimundu huzaliwa akiwa na damu ya utotoni inayomkinga miezi ya kwanza, na kinga hiyo hupungua anapokaribia miezi sita, umri anaoukaribia mdogo wako. Na dalili ya kwanza mara nyingi ni hii: viganja na nyayo kuvimba kwa maumivu, mtoto analia ukimgusa. Kwa hiyo endelea kuiangalia miguu yake, ila kwa sababu hii. Akigundulika mapema kuna penisilini ya kila siku ya kumkinga, chanjo, kinga ya malaria, na dawa ya haidroksiyurea, na maisha yake yanakuwa tofauti sana na ya mtoto aliyegundulika akiwa amelazwa.

Nimalizie na kifungua mimba wako. Usimpasue. Vidole vya mikono vikishikana ni habari nyingine, huko tunatenganisha, mara nyingi kabla ya miaka miwili, kwa sababu mkono unahitaji kila kidole kifanye kazi yake. Mguu husukuma ardhi kwa kidole gumba na kwa mpira wa wayo, kidole cha pili na cha tatu vikishikana havipunguzi mbio wala kutembea. Upasuaji wa kuvitenganisha huhitaji kukata ngozi kwa mistari ya pembepembe na mara nyingi kuchukua kipande cha ngozi kwingine, utando huweza kurudi polepole, na sisi watu weusi tunapata makovu ya keloidi kwa urahisi zaidi. Kovu linalowasha ndani ya kiatu cha shule ni shida. Utando usiouma si shida. Akifika miaka kumi na kitu na yeye mwenyewe akautaka, hiyo itakuwa sauti yake, na daktari mpasuaji atamsikiliza. Wakija wa kukushauri uzi au wembe, kama wanavyokifanyia kidole cha sita kijijini, kataa kabisa. Ndani ya utando mna mishipa ya damu na ya fahamu.

Kumtunza ni rahisi. Mkaushe vizuri kwenye mkunjo pale vidole vinapokutana, hasa miezi ya mvua akishinda ndani ya buti za mpira, kwa sababu unyevu hualika kuvu. Ngozi ikianza kuwa nyeupe, kuwasha na kunuka, krimu ya klotrimazoli ya duka la dawa hutosha kwa kawaida. Patipati atavaa bila taabu, kwani mkanda wake hupita kati ya kidole gumba na cha pili, na hapo yeye ni kama wengine.

Yapo machache ambayo yangenifanya nibadili kauli. Vidole vya mikono navyo vikiwa vimeshikana, kichwa kikiwa na umbo lisilo la kawaida, mtoto akichelewa sana kukaa au kusema, kifua kikiwa kimebonyea upande mmoja, au akizimia ghafla akicheza. Utando wa vidole ukiambatana na mambo hayo unaweza kuwa sehemu ya jambo kubwa zaidi, wakati mwingine hata la moyo, na hapo kipimo cha jeni cha hospitali, si cha kichupa, kina kazi ya kweli. Kwa mtoto anayekimbia, anayeongea na aliyerithi mguu wa babake na babu yake, hakina.

Mdogo akifika miezi 9 utampeleka kliniki kwa chanjo ya surua. Majibu yenu ya hemoglobini yasisubiri hadi hapo, yatafuteni mwezi huu. Ila siku hiyo ya chanjo mbebe na mkubwa pia, umwombe muuguzi avitazame vidole na kuviandika kwenye kijitabu chake cha kliniki, mguu upi, na utando unafika wapi. Mume wako akiweza kupata ruhusa kazini, aje avue kiatu, waandikwe pamoja.